Aliyemleta Lorine Nyumbani

Jumatatu, 17 Machi
Mwalimu Ndunge ametupa kazi. Kila mwanafunzi wa Gredi ya Nane aandike shajara ya masika, kutoka mvua ya kwanza hadi ya mwisho, kwa Kiswahili sanifu. Sheng iingie tu pale watu wanapozungumza. Nikamuuliza kama siku isiyo na jambo nayo inaandikwa. Akasema iandikwe mstari mmoja. Haya basi: mvua haijanyesha, nimekula githeri, nimechoka.

Jumatano, 19 Machi
Imenyesha. Mwezi mzima hapa mtaani Tassia tumelalamikia vumbi, sasa limetuachia tope na bado tunalalamika.

Leo ilikuwa zamu yetu ya kamba. Ploti yetu ina orofa sita na kamba za nguo ziko juu kabisa, kwenye paa, kwa hiyo kila orofa ina siku zake za kuanika. Sisi wa orofa ya tatu ni Jumatano na Jumamosi. Ukianika siku isiyo yako utapata nguo zako zimerundikwa kwenye beseni na karatasi yenye maneno makali juu yake. Mvua ilipoanza nilikuwa nimesahau nguo zetu zote, lakini sikukimbia. Kamene yupo.

Kamene ni binti wa Mzee Mutisya mchonga vinyago, na mlango wao unatazamana na wetu. Ana miaka ishirini na mitatu. Hakutazami usoni akizungumza nawe, na hata jua likiwaka anavaa kofia ya sufu inayofunika masikio, maana kelele zinamuumiza. Saa kumi na moja kamili jioni anapanda paani, anaanua kila nguo iliyosahaulika, na ikiwa mbichi anaitundika kwao mpaka ikauke. Kisha anazirudisha mlango kwa mlango. Hajawahi kukosea hata soksi. Watoto wa ploti wanamwita Saa ya Ukuta. Jina hilo nilimpa mimi, na lilipokubalika nilijisikia mjanja sana.

Ijumaa, 21 Machi
Mvua. Ugali na sukuma.

Jumamosi, 22 Machi
Shajara hii sitampa Mwalimu Ndunge. Nitamwandikia nyingine ya uongo yenye mawingu na ndege. Hii nitaificha chini ya godoro, kwa sababu leo nahitaji mahali pa kusema kilichotokea.

Baba yuko Webuye tangu Februari anamuuguza nyanya. Mama alienda Eastleigh asubuhi kuchukua mashuka ya kuuza, akaniachia Lorine. Lorine ni mdogo wangu, ana miaka minne. Haongei bado, isipokuwa "maji" na neno jingine ambalo hatujui ni nini. Anaweza kuzungusha kifuniko cha sufuria sakafuni saa nzima, na ukimgusa nywele anapiga mayowe kama umemchoma. Mama husema anachelewa tu, hata Baba alichelewa kuongea.

Saa nane mchana Qali aliniita. Qali ni rafiki yangu, na baba yake, Abdimajid, ana duka hapo chini kwenye ploti. Alikuwa na video mpya ya ngoma tunayojifunza. Nilimkalisha Lorine ngazini na kifuniko chake nikamwambia, "Usitoke hapa." Nilisema dakika tano. Nikakaa zaidi ya nusu saa.

Niliposikia mayowe nilitoka mbio. Kamene alikuwa anaingia getini amemshika Lorine mkono, amemkaza kwelikweli, na Lorine analia huku tope limemfika magotini. Nyuma yao alikuwa Mama, ndiyo kwanza anafika na mzigo wake wa mashuka. Aliutupa chini.

"Nasike! Ulikuwa wapi?"

Mama akiwa na hofu mkono wake ni mwepesi. Nikasema, "Nilikuwa chooni, Mama. Kamene ameingia kwetu akamtoa."

Uongo ulitoka hivyo tu. Kamene alikuwa hapo hapo. Alimwachilia Lorine, akapanda ngazi akihesabu vidato. Qali alikuwa mlangoni mwa duka na alinisikia.

Jumapili, 23 Machi
Jana jioni Mama aliandika kwenye kundi la WhatsApp la ploti: "Wazazi chungeni watoto. Binti ya Mutisya ameingia kwangu mchana akatoka na mtoto wangu. Mungu tu ndiye alimwokoa." Kufikia leo asubuhi kulikuwa na majibu arobaini na saba. Kanisani aliomba kwa machozi, mkono wake kichwani kwa Lorine, na Lorine akilia aachiwe.

Nitamwambia kesho.

Jumanne, 25 Machi
Sikumwambia.

Ijumaa, 28 Machi
Mvua siku tatu bila kupumzika. Mtaro wa nyuma ya ploti umejaa, maji yake meusi.

Kuna sauti inayozunguka kwenye simu za watu. Mwanamke asiyejitaja anasema kuna Probox nyeusi inaokota watoto mtaa wa Pipeline, na kwamba wanaotumia gari hilo wana "watu wao ndani ya ploti." Mama ameisikiliza mara nne. Kila mara hutazama mlango wa Mzee Mutisya.

Kwenye ngazi nilikutana na Mzee amebeba gunia la mbao. Nikamwamkia. "Marahaba, mwanangu," akasema, akatua gunia apumue. "Mama yako hajambo? Siku hizi nikimsalimia naona hanisikii."

Nikasema labda ni kelele ya mvua.

Jumatano, 2 Aprili
Leo mambo yameharibika zaidi.

Kwa kuwa jua halijawaka siku nyingi, nyumba ya Kamene imejaa nguo mbichi za watu. Sote tunajua. Lakini leo mchana, Mzee akiwa ameenda kuuza vinyago vyake, Mama Muoki wa orofa ya nne alipita akaona mlango uko wazi. Ndani kulikuwa na nguo za watoto zimetundikwa kwenye uzi kutoka ukuta hadi ukuta. Alihesabu kumi na nne. Akaita wenzake, wakaingia, wakapiga picha.

Picha imefika kwenye kundi. Chini yake mtu ameandika: "Anazikusanya za nini?"

Anazikusanya za nini! Mama Muoki amerudishiwa sweta ya mtoto wake na Kamene mara ngapi? Nilitaka kusema hivyo kwa sauti. Mama alikuwa ameshika simu, akasema, "Na ya Lorine imo. Ile gauni ya manjano. Nilijua." Nikaenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Ijumaa, 4 Aprili
Tumefunga shule. Wandera, keateka wetu anayesimamia ploti, ametia kufuli kubwa kwenye mlango wa paa. Utafunguliwa asubuhi hadi saa sita tu. Amesema ni amri ya wapangaji.

Saa kumi na moja Kamene alipanda. Tulimsikia akitikisa kufuli. Kisha akaanza kupiga ukelele mmoja mrefu usiokatika, huku anagonga mlango kwa viganja. Ploti nzima ilikuwa milangoni. Mzee alimshusha polepole akimwimbia kitu kwa Kikamba. Walipopita karibu nami nikaona viganja vyake vimechubuka.

"Sikieni hiyo sauti," Mama Muoki akasema. "Hiyo ni ya mtu?"

Lorine alikuwa ameziba masikio yake kwa mikono miwili, amejikunja nyuma ya mlango. Alifanana na Kamene. Sikutaka kuliona hilo lakini nililiona, na nilipogeuka, Mama alikuwa analitazama pia. Akamnyakua Lorine akamwingiza ndani.

Jumamosi, 5 Aprili
Ukelele, saa kumi na moja.

Jumapili, 6 Aprili
Ukelele.

Jumanne, 8 Aprili
Ukelele. Nguo za watu zinaloa kwenye kamba na nyingine zinapeperushwa hadi mtaroni, na hakuna anayejiuliza zamani nani alikuwa anaziokoa.

Ijumaa, 11 Aprili
Qali na mimi tumekosana. Nilienda dukani kununua chumvi, akaweka pakiti kwenye kaunta asiiachilie.

"Niaje Nasike. Bado hujasema?"

"Nitasema."

"Lini? Wee ulikuwa kwetu, mi najua. Umeskia vile wasee wanaongea hapa dukani? Jana kuna jamaa amesema akimpata huyo dem nje pekee yake, atamfunza."

"Ni maneno tu."

"Ilianza na maneno. Yako." Akaachilia chumvi. "Ukikaa na hiyo story, usikam huku tena."

Nilimwita mdaku. Njia nzima ya ngazi nilikuwa namtukana moyoni. Lakini hasira hiyo haikuwa ya kwake, na nilijua ni ya nani.

Nilikuta Mama ameketi kitandani, Lorine amelala mapajani mwake. Macho ya Mama yalikuwa mekundu. "Ningempoteza huyu, Nasike," akasema, "ningemwambia nini baba yako? Lakini wewe ulitoka mbio, wewe ndiye ulinisaidia. Mungu akubariki, mama." Huniita mama akinipenda sana. Nikaitikia, "Amina."

Jumatatu, 14 Aprili
Mvua ya mawe. Nimeota mlango wa paa.

Alhamisi, 17 Aprili
Mkutano wa nyumba kumi, ule wa usalama wa majirani, ulifanyika kwenye ngazi za chini. Wakamwambia Mzee Mutisya amfungie bintiye ndani au wahame.

Mzee alisimama ameshika kofia yake. "Mtoto wangu ana usonji," akasema. "Hospitali waliniambia akiwa na miaka mitano. Ubongo wake unasikia dunia kwa sauti ya juu kuliko wetu. Anapenda kila kitu kiwe mahali pake, basi. Miaka tisa tumekaa hapa. Nani amewahi kupoteza kitu kwa sababu yake?"

Halafu mtu nyuma akasema, "Mtoto alipotea." Watu wote wakamtazama Mama. Mama akaitikia kwa kichwa, na mimi nilikuwa pembeni yake, ubavu kwa ubavu.

Wanasema siku za mwizi ni arobaini. Zangu nazihesabu. Leo ni ya ishirini na saba.

Jumapili, 20 Aprili
Pasaka. Tumekula kuku. Sikusikia ladha.

Jumanne, 22 Aprili
Haya yalitokea jana, Jumatatu ya Pasaka. Jana sikuweza kuandika.

Saa nane mchana mvua ilikatika. Mama Muoki akaanza kuita mwanawe, mara ya kwanza kawaida, mara ya tatu kwa sauti iliyofanya milango ifunguke. "Muoki! Muoki!" Ana miaka mitatu. Hakuwa kwao, hakuwa ngazini, hakuwa dukani. Simu ya baba yake haipatikani. Dakika kumi hazikupita, ngazi zikajaa watu.

Mtu akasema, "Yule msichana yuko wapi?"

Mlango wa Mzee Mutisya ulikuwa wazi kidogo. Mzee alikuwa ameenda kununua unga. Ndani hakukuwa na mtu. Wandera akasema amemwona Kamene akishika njia ya mtaroni, si muda mrefu. Hakuna aliyesema twende. Walishuka wote kwa pamoja, na Mama alikuwa miongoni mwa wa kwanza. Getini aliokota kipande cha mbao.

Nilikuwa nimembeba Lorine. Nikakimbilia dukani. Qali alinyoosha mikono kabla sijaomba, akamchukua, akasema maneno mawili tu. "Enda. Sema."

Walimpata karibu na karakana ya mbao, kando ya mtaro. Tangu paa lifungwe, upepo ulikuwa unatupa nguo za watu kule nyuma, na Kamene alikuwa ameenda kuziokota. Alikuwa na mkono mmoja umejaa nguo zenye tope. Juu yake kulikuwa na sweta ndogo ya buluu.

"Hiyo ni ya Muoki!" Mama Muoki akalia. "Mtoto wangu yuko wapi?"

Wote walipiga kelele kwa wakati mmoja. Kamene hawezi kuvumilia hata kengele ya ice cream. Alichuchumaa akaziba masikio, na mtu akamvua ile kofia akaitupa. Akaanza ukelele wake. Ukelele huo ndio uliowamaliza watu akili. Jiwe la kwanza sikuona aliyelirusha. La pili nilimwona: ni mama mmoja ambaye huimba kwaya na mama yangu. Lilimpata Kamene sikioni na damu ikatoka.

Nikapiga kelele, "Si yeye! Mwacheni! Si yeye!" Sauti yangu haikufika popote. Mimi ni mtoto wa miaka kumi na mitatu, na kulikuwa na watu labda sitini. Mwanamume mmoja alinisukuma kando akisema, "Toto, rudi nyumbani." Nikatambaa kati ya miguu mpaka nikaona viatu vya Mama, nikashika sketi yake kwa mikono miwili.

"Mama. Mama, nisikie. Nilikudanganya."

Alikuwa ameinua ile mbao. Hakunitazama.

"Kamene hakuingia kwetu! Nilimwacha Lorine ngazini nikaenda kwa Qali kutazama video. Lorine alitoka mwenyewe mpaka barabarani. Kamene ndiye alimrudisha. Alimrudisha, Mama!"

Sasa akanitazama. Sijawahi kuona uso wake ukiwa hivyo na sitaki kuuona tena. Nilidhani hakuelewa. Kisha mkono ukafunguka, mbao ikaanguka kwenye tope, na mkono huohuo ukanipiga kofi la mdomo mara moja, kwa nguvu zake zote.

Halafu akaingia katikati ya duara. Aliwasukuma wanaume kwa mabega. Alijitupa juu ya Kamene, akamfunika kichwa kwa leso yake, akaanza kupaza sauti: "Mkimpiga, pigeni na mimi! Mimi ndiye niliandika! Niliandika uongo! Mtoto wangu aliokolewa na huyu!" Jiwe lililokuwa tayari limerushwa lilimpata mgongoni. Nilisikia mlio wake. Hakuondoka. Nikaenda nikalala upande wa pili, mikono ya Kamene ikiwa kati yetu, naye alikuwa anahesabu, "Arobaini na moja, arobaini na mbili, arobaini na tatu."

Sijui kama wangeacha kumpiga kwa ajili yetu. Ningependa kuandika kwamba ndiyo. Kilichotokea ni kwamba simu ya Mama Muoki ililia. Alikuwa baba yake Muoki. Alikuwa amemchukua mtoto kumpeleka mtaa wa Jericho kwa kinyozi anayempenda, simu ikaisha chaji, sasa ameazima ya mtu.

"Yuko salama!" Mama Muoki akasema, akaketi chini akalia.

Watu wakatawanyika kama wanaotoka kanisani, wawili wawili, wakiongea. Nilimsikia mmoja akisema Mungu ni mwema. Hakuna aliyeinama kumwinua Kamene. Tulimwinua sisi, na nusu ya njia tukakutana na Mzee akija mbio, unga mkononi.

Jumatano, 23 Aprili
Mama hajaongea nami. Ananipa chakula. Mgongo wake una alama nyeusi upana wa sahani.

Ijumaa, 25 Aprili
Leo Mama amesema, "Twende." Tukavuka kwenda kwa Mzee Mutisya, hatua nne tu.

Vidole viwili vya Kamene vimevunjika, na sikio la kushoto wamesema huenda lisisikie tena. Alikuwa ameketi amegeukia ukuta. Mama alipiga magoti. Sikuwahi kumwona Mama akimpigia mtu magoti isipokuwa Mungu. Mzee akamshika mkono akamwambia, "Inuka, Mama Nasike. Wewe uliogopa, na hofu naijua." Kisha akanigeukia.

Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi. Nikasema tu, "Pole, Mzee. Nilisema uongo."

"Watoto husema uongo," akasema. "Hata mimi nilisema. Ungekuja kesho yake ningekucheka nikakupa kiti." Akafuta vumbi la mbao kwenye goti lake. "Lakini ulikuwa na mwezi mzima, Nasike. Kila asubuhi uliniamkia kwenye ngazi hizi, nami nikaitikia. Huo mwezi ndio unaniuma."

Nikamwuliza Kamene, na nadhani ndiyo mara ya kwanza maishani nilimwuliza Kamene kitu chochote, "Mbona hukuwaambia?"

Hakugeuka. Sauti yake ni tambarare, haipandi wala kushuka. "Nasike alishuka saa nane na dakika tatu. Lorine alitoka getini saa nane na dakika ishirini na mbili. Alikuwa katikati ya barabara. Kulikuwa na lori. Nilimshika kwa nguvu kwa sababu ya lori."

"Ulijua yote hayo?"

"Ndiyo."

"Na hukusema?"

"Hakuna aliyeniuliza."

Mama alianza kulia kwa sauti, na Kamene akaziba sikio lake moja lililo zima. Mama alipoona hivyo akajiziba mdomo kwa kiganja mpaka akanyamaza.

Jumatatu, 28 Aprili
Shule imefunguliwa. Nimempa Mwalimu Ndunge shajara ya uongo aikague. Amenisifu kwa mawingu.

Jumamosi, 3 Mei
Wamehama. Mzee amesema wanarudi mji wa Wote, kwa dada yake, ambako kuna nafasi na kelele ni za mbuzi tu. Pikapu ilikuja asubuhi. Wapangaji walifunga milango, wengine kwa aibu, wengine kwa sababu bado wanasema "lakini yule msichana..." na hawamalizi. Wandera pekee alisaidia kubeba meza. Mama na mimi tulibeba vyombo.

Nilitaka Kamene aniage. Alipanda garini, akaweka mkono wenye plasta mapajani, akatazama mbele. Nilisubiri mpaka pikapu ikakunja kona. Sistahili zaidi ya hapo, na hata hivyo niliumia.

Jumanne, 6 Mei
Mvua. Hakuna aliyeanua.

Ijumaa, 9 Mei
Mama amempeleka Lorine kliniki, na nimeenda nao. Daktari, mwanamke mpole, alimtazama akipanga vifuniko vya chupa sakafuni, akamwita jina mara tano bila Lorine kugeuka, akamwuliza Mama maswali mengi. Kisha akaandika barua ya kutupeleka kwenye kituo cha tathmini, na akalitaja lile neno alilolitaja Mzee pale ngazini. Usonji.

Nilimtazama Mama. Nilidhani atabisha, atasema Baba alichelewa. Alikunja ile barua mara nne akaitia kifuani ndani ya blauzi. Tukiwa njiani akasema, "Nilijua tangu ana miaka miwili. Kila nikimwona yule binti nilimwona Lorine akiwa mkubwa, nikamchukia kwa sababu hiyo. Umesikia, Nasike? Uongo wako nilikuwa nausubiri." Tulivuka barabara, Lorine katikati, kila mmoja amemshika mkono.

Alhamisi, 15 Mei
Mvua imeanza kupungua. Mwalimu Ndunge angesema masika yanaisha.

Kwenye nyumba ya Mzee Mutisya wameingia watu wapya. Jana jioni Lorine alipiga mayowe, muda mrefu, kwa sababu stima zilipotea ghafla na taa zikazima. Leo asubuhi kwenye kundi la ploti kuna ujumbe kutoka kwa mpangaji mpya, anaitwa Batulo: "Samahani majirani, huyo mtoto wa orofa ya tatu ana shida gani? Watoto wangu wanaogopa." Mama Muoki akamjibu: "Tumemwona siku nyingi. Hasemi na hatazami mtu. Afadhali watoto wenu wasikaribie mlango huo." Chini yake watu wameweka vidole gumba. Nilivihesabu: tisa.

Mama alisoma akiwa amesimama. Aliketi. Akaandika, akafuta, akaandika, akafuta. Mwisho akanisukumia simu mezani.

"Andika wewe," akasema. "Yote. Usiache hata moja."

"Watajua ni mimi, Mama."

"Ndiyo."

Ilinichukua muda. Niliandika hivi:

"Hamjambo majirani. Mimi ni Nasike. Tarehe 22 Machi nilimwacha mdogo wangu peke yake akatoka hadi barabarani. Kamene binti ya Mzee Mutisya alimtoa mbele ya lori akamleta nyumbani. Mimi nikasema amemwiba. Nilisema uongo, nikaacha siku thelathini zipite, na mlimpiga kwa sababu yangu. Sasa hasikii sikio moja. Mdogo wangu anaitwa Lorine. Ana miaka minne na daktari anasema huenda ana usonji kama Kamene. Mkitaka kujua lolote juu yake, njooni mtuulize. Mkimwona nje peke yake, tafadhali mleteni nyumbani."

Mama akasoma hadi mwisho. Akabonyeza kutuma yeye mwenyewe.

Tumekaa tukiitazama simu kuanzia saa moja. Sasa ni saa mbili na nusu. Watu thelathini na wanane wamesoma. Hakuna aliyejibu. Lorine amelala, na kila nyayo zikipita kwenye ngazi, Mama anainua kichwa, anasikiliza, mpaka zipite mlango wetu.